Nimelipa elfu 20 nisikilizwe: saa moja kwa fundi mitambo wa Tandika

Mimi ni fundi cherehani, Mbagala Rangi Tatu. Mchana nashona, usiku watoto wakilala natengeneza singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini Dar, kwenye laptopu iliyopasuka kona. Nina FL Studio (programu ya kutengenezea muziki) na hedifoni za elfu 15, basi. Hai-heti (ule mlio wa juu wa ngoma, tsi-tsi-tsi) ya wimbo uliosababisha niandike haya ni cherehani yangu mwenyewe: nilirekodi kwa simu sindano ikitoboa jinzi, nikaikata vipande vipande.

Nilipoumaliza niliutuma kwa watu tisa. Saba walinirudishia alama ya moto. Mmoja akaandika "umeua". Wa tisa akauliza gauni lake la sendofu limefikia wapi, na huyo ndiye peke yake niliyekuwa na hakika naye: hakusikiliza. Kabla ya hapo nilishalipa dola 10 kwa huduma moja ya mtandaoni inayodai kukusikilizishia wimbo kwa mtaalamu. Yalikuja majibu ya mistari mitatu. Nguvu ipo, mpangilio mzuri, sauti ya mwimbaji ipandishwe kidogo. Wimbo wangu hauna mwimbaji.

Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja nyuma ya soko la Tandika. Bango hana, na jina ameniomba nisiliweke kwa sababu wateja wa Jumamosi tayari wanamshinda. Hafanyi miksi, hafanyi masta, faili yako haigusi. Anauza masikio tu: elfu 25 kwa saa. Ukikubali kubaki umsikilize anayekufuata, unapunguziwa elfu 5. Nikakubali haraka haraka, nikidhani ni pesa ya bure.

Chumba ni kidogo, magodoro ya zamani yamesimamishwa kwenye kona. Trei za mayai hana. Anasema besi inapita pale kama mgeni asiyebisha hodi. Ana spika mbili za studio, sabufa ya sebuleni kama iliyopo kwa jirani yako, na simu ya bei rahisi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Wimbo wako unapigwa wapi?"

Nikasema kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha.

"Saa ngapi?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Alitaka kujua kama ni wa saa tatu, watu bado na sahani za pilau mkononi, au wa saa nane usiku, kina mama wameshafunga kanga viunoni. Nikasema saa nane. Akaandika kwenye daftari, akazima feni, akausikiliza wote bila kunitazama. Kisha akaweka singeli ya mfano, moja ya zile za studio ya Sisso ya Mburahati ambazo lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilizitoa mwaka 2017. Kabla ya kuibonyeza aliipunguza sauti mpaka ikalingana na yangu. Ukilinganisha nyimbo mbili, alisema, ile yenye sauti kubwa inashinda hata kama ni mbovu. Dola 10 zangu hazikuninunulia sentensi kama hiyo.

Cha kwanza alichokigusa ni kiki (ya ngoma, siyo ile ya magazeti ya udaku). Wimbo unakwenda mapigo 220 kwa dakika, kwa hiyo kila pigo lina nafasi ya sekunde 0.27 tu. Kiki yangu ilikuwa na mkia wa karibu nusu sekunde. "Haijamaliza kufa, nyingine imeshaikanyaga mgongoni. Ndiyo maana unasikia tope." Nilikuwa nalisikia hilo tope wiki tatu nzima, nikidhani ni hedifoni.

Tukahamia kwenye simu. Besi yote ikapotea, ikabaki cherehani peke yake, nikajiona kama niko kazini. Spika ya simu haina ubavu wa kusukuma mizunguko 50 kwa sekunde, na besi yangu ilikuwa imelala huko huko. Dawa yake ni kuikwaruza kidogo ili itoe sauti nyingine juu yake, kwenye 150 mpaka 200, sikio lijazie lenyewe kilichokosekana. Nimejaribu nyumbani na imekubali.

Umeme ukakatika. Hilo halikumsumbua, maana hatua ya mwisho ni bajaji ya jirani iliyofungwa spika nyuma ya siti. Tukaingia, dereva akaongeza sauti. Nusu ya wimbo akageuka bila kuulizwa: "Dada, hicho kidude cha juu kinaniuma jino." Cherehani yangu! Mzee akakiri kwamba masikio yake yametumika miaka mingi karibu na spika, sauti za juu kabisa hazipati vizuri siku hizi, kwa hiyo huko humwita binti yake asikilize. Nilimheshimu zaidi kwa kusema hivyo.

Tulipokosana ni kwenye mwendo. Alitaka niushushe mpaka 180, kiki ipate pumzi. Nikakataa. Mteja wangu akisema gauni linambana, simbishii, linambana kweli. Lakini akiniambia niongeze kitambaa kiunoni nami naona kosa liko kwapani, nafumua kwapa. Nimeukata mkia wa kiki, 220 imebaki 220. Mzee alinyamaza kidogo akasema, "Haya, fundi ni wewe."

Sasa ile elfu 5. Aliyenifuata ni kijana wa Tandale, miaka kama 19, ameshika flashi mkononi kama cheti cha hospitali. Wimbo ulipoisha mzee akanigeukia. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba kinanda hakijakaa sawa.

"Sekunde ya ngapi?"

Sikujua. Tukarudia. Ilikuwa ya 41, kinanda kinapanda juu ya kitu nilichokidhania filimbi. Nikasema basi atoe filimbi. Mzee akaniuliza kama nimemuuliza mwenyewe filimbi ni ya nini. Kijana akajibu kwa aibu: ni kamuziki ka baiskeli ya aiskrimu inayopita kwao kila jioni, na wimbo mzima umeanzia hapo. Nilitaka kumng'oa mtoto wa watu moyo ili kinanda kipite! Tukakubaliana kinanda ndicho kisogee pembeni. Dakika hizo ishirini zilinitoa jasho kuliko saa yangu yote, na sijui kama ningelipa elfu 25 kamili kuziepuka au kuzipata.

Nampa nyota nne. Ya tano imeliwa na hadithi za mchiriku, muziki wa vinanda uliotangulia singeli. Kila akikumbuka kinanda chake cha Casio cha ujana zinakwenda dakika kumi, na ni dakika zako ulizolipia. Risiti hatoi. Feni ikizimwa, chumba kile ni tanuri, nenda na kitambaa cha jasho na maji yako. Peleka faili ya WAV, ya MP3 anaikunjia uso. Ujumbe wa sauti wa kuweka nafasi haujibu. Nenda mwenyewe Ijumaa baada ya swala.

Juzi kijana wa Tandale kanitumia wimbo tena. "Dada, sekunde ya 41 nimeirekebisha, ila sasa ya 58 sina uhakika." Nina sare za shule kumi na nane za kumaliza kabla ya Jumatatu, na hedifoni nimezivaa.