Boila haiwaki, fundi anasema "bodi imekufa": uzoefu wangu na mkataba wa matengenezo

Nyota mbili kati ya tano. Boila yenyewe, mtambo wa gesi unaopasha nyumba joto, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na kampuni ya matengenezo ninayoilipa kila mwezi hapa Uingereza, hasa fundi waliyenitumia wiki ile ya barafu, radieta zote za kupasha vyumba joto zikiwa baridi kama jiwe.

Alikaa dakika kumi. Hakufungua kifuniko, hakutoa kipimo cha presha ya gesi, hakutoka nje hata mara moja. Alisoma namba ya hitilafu kwenye kioo cha boila akatamka kwamba bodi, yaani sakiti ya umeme inayoiongoza boila, imekufa, bodi haimo kwenye mkataba, jumla pauni 400 na ushee. Nilipomwambia kwamba inakoroma kabla ya kuzima, akanikatiza: "Fundi ni mimi au wewe?"

Mkoromo ule ndio uliokuwa jibu. Boila za siku hizi hupooza moshi wake hadi mvuke uliomo unageuka maji, na maji hayo, ambayo yanaweza kufika lita mbili kwa saa, hutoka kwa kibomba cha plastiki, mara nyingi cha milimita 21.5. Kibomba kikipita nje ukutani na baridi ikashuka chini ya sifuri, maji huganda humo, hasa kwenye kona ya chini au mdomoni. Yanayofuata hukosa njia, yanarudi ndani, na boila inajizima. Kioo hakikuambii hayo. Kinaonyesha tu kwamba moto haukushika: boila za Vaillant huandika F28, za Worcester EA. Namba hiyo hiyo hutokea gesi ikikatika, elektrodi (kijiti cha kutoa cheche au kuhisi moto) ikichakaa au vali ya gesi ikikwama. Mtu anayeisoma na kutaja bodi papo hapo hajapima kitu, amebahatisha kwa pesa yako.

Dawa yake ni maji ya moto ambayo mkono unayavumilia. Yasiwe ya kuchemka, maana plastiki iliyoganda hupasuka. Mwagia kwa jagi taratibu kuanzia mdomoni na kwenye kona ya chini, ukipanda juu, kisha rudia. Chupa ya mpira ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kona inasaidia pia. Ikiwa kibomba kiko juu kiasi cha kuhitaji ngazi, usipande. Mwaga chumvi pale chini, kwa sababu maji yale yataganda njiani na kumwangusha mtu. Barafu ikiachia utasikia maji yakishuka kwa kishindo. Hapo ndipo unabonyeza kitufe cha kuwasha upya. Yangu iliwaka baada ya jagi la tatu, bodi ile ile "iliyokufa" ikiwa ndani.

Kama si barafu, tega sikio. Boila ina mpangilio wake: feni kwanza, halafu cheche, tik-tik-tik, halafu mngurumo laini wa moto. Itakapokwama ndipo pa kutafuta. Feni isipozunguka kabisa, angalia fyuzi ya ampea 3 kwenye swichi yake ya ukutani, betri za termostati (kidhibiti joto), na saa yake, ambayo watu wengi husahau kuirekebisha majira yakibadilika. Angalia pia kipimo cha presha ya maji: ikiwa imepoa inatakiwa kusoma kati ya bar 1 na 1.5. Ikiwa chini, fungua polepole vali mbili za bomba la kujazia, funga zote mshale ukifika, na ukiona imeshuka tena baada ya siku chache ujue kuna mvujo au tangi la upanuzi limeishiwa hewa. Feni ipo lakini cheche hakuna: elektrodi, waya wake, au, sawa, bodi. Cheche zipo, moto hakuna: washa jiko. Jiko nalo likikataa, gesi haifiki. Wenye mita za kulipia kabla, kama LUKU ya nyumbani, waanze na salio. Moto ukishika sekunde chache tu ukazima, rudi kwenye kibomba, kisha kwenye elektrodi inayohisi moto.

Kifuniko usifungue mwenyewe, hiyo ni kazi ya fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register, orodha rasmi ya mafundi wa gesi Uingereza. Mwombe kadi yake na uigeuze: nyuma yake zimeandikwa kazi anazoruhusiwa kufanya. Ukisikia harufu ya gesi usiguse swichi yoyote. Fungua madirisha, funga vali ya mita, toka nje, piga namba ya dharura ya gesi, 0800 111 999.

Nyota ya pili niliiweka kwa ajili ya dada aliyepokea simu. Alikuwa mpole, akanisikiliza hadi mwisho, na siku ile ile fundi alifika. Hilo si dogo wakati wa barafu.

Lakini sasa wamenitumia ripoti ya ziara ile, imeandikwa: "Mteja amekataa ukarabati." Nimekataa nini? Kununua kitu ambacho hakijaharibika! Hakuna neno hata moja kuhusu kibomba, wala ushauri wa kukitengeneza kisigande tena. Ilibidi nimtafute fundi mwingine wa mtaani, mwenye kadi, akabadilisha kipande cha nje kuwa cha milimita 32, akakipa mteremko wa milimita 45 kwa kila mita na kukifunika kwa sifongo isiyopitisha maji. Kazi ya nusu siku, na bei yake haikukaribia ile ya bodi. Baridi kali imerudi mara mbili tangu hapo na boila imewaka kila asubuhi.

Nyota ya pili naiondoa. Dada wa simu anisamehe.