Miaka miwili na laptopu nyembamba ya gemu hapa Mwanza

Wakuu, hii mashine ninayo tangu Novemba 2023, na kwa kuwa kila wiki kuna mtu ananiuliza achukue nene au nyembamba, acha niseme yote niliyoyaona. Ni ya inchi 14, kilo 1.6, kadi ya picha (ile inayochora gemu) ni RTX 3060, kampuni siitaji. Niliichukua mtumba hapa mjini kwa milioni 2 na laki 1.

Sababu ya kutaka nyembamba ni kazi. Nahariri video za harusi, leo nipo Kirumba, kesho Sengerema, keshokutwa Magu, begi mgongoni juu ya boda. Ile ya zamani ilikaribia kilo 3 na chaja yake kama tofali, ukisimama nayo kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo mgongo unawaka moto. Daraja lilipofunguliwa Juni 2025 foleni ikaisha, lakini uzito wa begi unabaki kuwa wako mwenyewe.

Sasa kitu ambacho muuzaji hakuniambia, WATI, yaani umeme ambao kadi inaruhusiwa kutumia. RTX 3060 ya laptopu inawekwa kuanzia wati 60 mpaka 115, jina lile lile, stika ile ile, na hizi nyembamba mara nyingi zinapewa chache kwa sababu hazina nafasi ya kupooza. Yangu ni 80. Mshkaji wangu wa Nyegezi ana nene ya 115, tukifungua gemu moja kwa seting zile zile ananiacha wazi kabisa. Iliniuma sana siku ile, maana nililipia jina tu.

Joto nalo. Prosesa na kadi zinatumia mabomba yale yale ya shaba kutoa joto, kwa hiyo moja ikichemka inaichemsha na mwenzake. Mwanzoni prosesa ilikuwa inafika nyuzi 95, feni zinavuma mpaka mtoto anaamka, na juu ya kibodi hapagusiki. Dawa niliyoipata ni kuingia kwenye seting za umeme za Windows, pale kwenye kiwango cha juu cha prosesa nikaandika 99 badala ya 100, basi ile tabia ya prosesa kujipandisha kasi yenyewe (turbo) inazimika, halafu gemu nikaifunga kwenye fremu 60, yaani picha 60 kwa sekunde. Ikashuka mpaka 80 hivi, na kwa macho yangu tofauti kwenye gemu sioni. Nyuma nimeinyanyua kwa vizibo viwili vya soda, feni inavuta hewa kutoka chini, ukiilaza kwenye godoro unaiziba pumzi.

Halafu wadudu wa ziwani jamani, hili watu wa mbali na ziwa hawalijui. Usiku wa giza, zile siku wavuvi wanatoka na taa kufuata dagaa, wale wadudu wanaibuka majini makundi kwa makundi na chochote chenye mwanga wanakifuata. Mimi nacheza dirisha wazi kwa ajili ya joto, kioo kinajaa, na wengine feni inawavuta ndani. Mwezi wa nane wa matumizi joto likapanda ghafla, kuifungua kwa fundi tukakuta mapezi ya kupoozea yamezibwa na vumbi lililoshikana na wadudu, kama kitambaa. Akasafisha, akaweka pesti mpya ya kupitisha joto, ikarudi. Tangu hapo siku za giza dirisha linafungwa na kila miezi 4 naifungua.

Rami (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) angalieni, yangu GB 8 zimegandishwa kwenye bodi na nafasi ya kuongeza ni moja tu, niliweka 16 ikawa 24.

Betri ni 76Wh (wati-saa). Kuhariri bila umeme inanipa saa 4 mpaka 5, gemu haifiki hata saa moja na nusu na fremu zinaanguka kwa kuwa betri haiwezi kutoa nguvu ya chaja. Ila inakubali chaja ya Type-C ya wati 65, ile ile naichajia na simu, kwa hiyo nikienda Sengerema lile chaja kubwa la wati 180 nimeshaanza kuliacha nyumbani.