Jinzi pana Soko la Machinga Dodoma, nawapa nyota 4

Jamani mnaotafuta jinzi pana za mtumba, pale Soko la Machinga barabara ya Bahi kuna kibanda mzigo wake wa uhakika, jinzi 15,000 ukikomaa anakuachia 12,000 na fundi yupo hapohapo anapunguza kiuno huku unasubiri.

Nyota moja nimekata kwa ajili ya fulana. Picha za jamaa weusi wa Marekani na bastola na cheni, dogo ananambia "chukua hii mwanangu, swaga za mablaki hizi", nikamuuliza we mwenyewe si mweusi, bastola yako iko wapi? Akacheka mpaka wateja wakageuka. Hiphop yenyewe inahesabiwa ilianzia kwenye pati moja Bronx, New York, 1973, watu walikua wanacheza mziki tu.

Ila ana heshima bana, sio kama duka moja la mjini dada wa kaunta aliniambia njano haimkai mweusi kama mimi, afu akanionesha mkorogo! Huku nimechukua njano hiyohiyo, dogo akasema "braza umetokelezea", na kweli nimetokelezea. Kioo chao tu kimepasuka, na nendeni asubuhi, mchana bati linachoma.