Benchmade Bugout: kufuli la AXIS, hataza na visu vinavyolifuata

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo nina Bugout, kisu cha kukunja cha kampuni ya Benchmade kilichotoka 2017. Uzito wake ni gramu 52 hivi, mfukoni huwezi hata kukihisi. Mpini wa plastiki unanepa kidogo ukiubana, na kwa kisu cha bei hii hilo sikulipenda. Ila kilichonifanya niwashe kamera leo ni kufuli lake, linaloitwa AXIS.

Hebu angalieni hapa. Mnakiona hiki kijiti cha chuma kilichokatiza mpini upande hadi upande? Nikifungua kisu, springi mbili nyembamba, zilizopindwa kama herufi omega ya Kigiriki, zinakisukuma mbele kinakandamiza kitako cha ubapa, na kitako hicho kinabanwa kati ya kijiti na pini inayouzuia ubapa. Ubapa haurudi tena. Nikitaka kufunga, navuta kijiti nyuma, na kidole changu hakipiti kabisa kwenye njia ya makali. Nyie mnaotumia mkono wa kushoto, kwa kweli hiki mmetengenezewa nyinyi pia.

Waliobuni kufuli hili ni Bill McHenry na Jason Williams. Hataza yao ya Marekani, yaani haki ya kuzuia wengine wasiige ubunifu wao kwa muda fulani, ilitolewa Aprili 1998, na Benchmade wakalitumia kwanza kwenye modeli ya 710. Ulinzi huo ulishaisha, ndiyo maana siku hizi kampuni nyingi zinatengeneza kufuli la namna hii bila kumwomba mtu ruhusa. Jina AXIS ni habari nyingine: ni alama ya biashara, haifi pamoja na hataza, kwa hiyo kila kampuni inaliita kufuli lake kivyake.

Si kila kufuli lina hadithi kama hiyo. Mtengeneza visu Chris Reeve, aliyezaliwa Afrika Kusini, hakulikatia hataza kufuli la fremu, lile ambalo kipande cha mpini wenyewe ndicho kinachozuia ubapa, alilolitia kwenye kisu chake cha Sebenza, na dunia nzima imeliiga. Kwenye LinerLock, kufuli la bati jembamba ndani ya mpini linalouzuia ubapa, ndipo watu wanapobishana hasa ni la nani. Mtengeneza visu Michael Walker aliliboresha miaka ya 1980 na jina akalisajili, lakini Watson na Chadwick walikuwa na hataza ya kufuli la jamii hiyo tangu 1906, kwa ajili ya kampuni ya Cattaraugus. Mimi namheshimu sana Walker, maana yeye ndiye aliyelifanya litumike vizuri kwa mkono mmoja. Ila wale wa 1906 nao watajwe, ni haki yao.

Sasa mnaniuliza, je, kisu cha bei nafuu chenye kijiti kama hiki ni feki? Kama kina jina la aliyekitengeneza, hapana, ni halali kabisa. Feki ni kile kilichobandikwa kipepeo, nembo ya Benchmade, wakati Benchmade hawakijui. Hicho msininunulie, tafadhali.

Na mkiwa dukani, vuteni kijiti nyuma kisha mkiachie, mara kadhaa. Kinatakiwa kirudi kwa nguvu ileile pande zote mbili. Kikilegea upande mmoja, huenda springi imekatika, mwambieni muuzaji awape kingine.