Nesi mpya, uanze na shifti ya usiku au ya mchana?
Kwenye kujifunza mchana unashinda, madaktari wanapita raundi, unasikia kwa nini dawa imebadilishwa, ukikwama kuna sista mzoefu pembeni. Usiku mko wachache wodi nzima, ila ndo hapo unapata nafasi ya kusoma faili la mgonjwa taratibu na kutafuta mshipa bila watu kukusimamia kichwani.

Mwili sasa, hapo usiku unadai sana. Kati ya saa tisa na kumi na moja alfajiri joto la mwili linashuka, macho yanakuwa mazito, mi nilikuwa nasoma lebo ya dawa mara tatu na bado namwita mwenzangu tuhesabu dozi pamoja, na wewe usione aibu kabisa kufanya hivyo. Hela, sehemu nyingi usiku una posho, ulizia kwanza.

Kama una mtoto mdogo na mchana hakuna wa kumshika, usiku utakumaliza. Unaishi mwenyewe, una pazia nene na usingizi wa mchana unakuja? Chukua usiku. Ila kama zamu hiyo mtakuwa wapya watupu, omba mchana miezi ya mwanzo hata kama posho inakuvuta.