Mgahawa wa wapishi wa safari, Sakina Arusha: supu hatari, pilau hapana, na nendeni masika

Wakuu, kila wiki naona mtu anauliza Arusha ale wapi chakula cha maana bila kuacha nusu ya mshahara mezani, basi leo niwaandikie hii ya Sakina tumalize. Ukitoka mjini kwa barabara ya Namanga, ukifika Sakina unaingia ndani kidogo, kibao hawana mpaka leo na sijui wanasubiri nini, we muulize bodaboda yeyote "wale wapishi wa safari" atakufikisha mlangoni.

Ni wapishi kweli wa safari, wale wa kambini, wanaopanda na wageni Kilimanjaro na kulala nao kwenye mahema Serengeti, na mmoja kati yao ni dereva gaidi (yaani guide, anayetembeza watalii) ambaye kupika hajui ila ndo anashika hela na anapiga stori na wateja. Walianza 2020 pale utalii ulipokata ghafla, na ukishajua hilo utaelewa kwanini kila kitu pale kiko vile kilivyo, mpaka viti.

Nianze na supu maana ndo inayowapa jina. Aliyewahi kufanya kazi kambini anajua, mgeni akirudi kutoka porini saa kumi anakuta chai na bisi, jioni kabla ya chakula chenyewe lazima itangulie supu, na kila siku iwe supu tofauti. Sasa hawa jamaa wameleta huo utaratibu mtaani. Kuna ya maboga na tangawizi, kuna ya karoti, kuna ya liki (ile mboga jamii ya kitunguu), na kuna ya tango. Najua wabongo supu kwetu ni makongoro au kichwa cha mbuzi, mtu akikwambia supu ya tango unaona anakutania, ila hebu ionje kwanza ndo uongee, ina pilipili manga, kitunguu saumu na maziwa kidogo, na wanakupa na chapati ya moto yote kwa 1,500. Mi ya maboga ndo naifuata kule, ikiwepo naagiza bakuli mbili. Na chai ya saa kumi wanaleta na bisi bure, hiyo hata usiombe, bakuli linatua mezani lenyewe.

Kitu kingine ni keki. Oveni hawana. Wanachukua sufuria kubwa, chini wanaweka mchanga, ndani wanakalisha sufuria ndogo yenye unga ulioshaumuliwa, wanafunika, halafu makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Nilikaa karibu na jiko nikamwangalia mzee mmoja anayeipika, saa haangalii kabisa, anainama ananusa pembeni ya mfuniko, anaondoa kaa moja kwa mkono na koleo hata halitafuti, ananusa tena. Ikitoka imeiva sawa pande zote. Nikamuuliza "mzee wangu hii ulijifunzia wapi", akanijibu "Barafu, kwenye upepo, hapa mbona mteremko". Barafu kwa wasioijua ni ile kambi ya mwisho kabla ya kileleni, njia ya Machame, mita 4,600 na kitu juu huko, birthday za wageni zinaangukia kule na keki inatakiwa. Kipande 1,000.

Sasa stori yao, maana review bila hii haijakamilika.

Kwa ambao hamkuwa Arusha kipindi kile, mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na alikuwa ameshukia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, yaani balaa lilipigia hodi hapa hapa kwetu. Na ule mwezi ulikuwa mbaya kwa sababu nyingine ambayo watu wa nje hawaioni. Machi sizoni inaisha, masika yanaingia, na mtu yeyote wa utalii anajua hesabu zake, unabana ulichokusanya kuanzia Desemba ule nacho Aprili na Mei, halafu Juni wageni wanarudi, maisha yanaendelea. Kwa hiyo watu walikuwa wamejipanga kwa miezi miwili, wengine hata hiyo hawakujipanga. Aprili 12 ndege za kimataifa za abiria zikasimamishwa, Mei 18 zikaruhusiwa tena, na sisi hatukufungiwa ndani kama majirani zetu, Kilombero sokoni palikuwa wazi, daladala zinapiga kazi kama kawaida, lakini wageni wenyewe huko kwao ndo wamefungiwa, sasa Juni anakuja nani? Watalii milioni 1.5 na ushee wa 2019 wakashuka mpaka laki sita na kitu 2020, na hapo umehesabu na wale wa Januari na Februari kabla mambo hayajaharibika. Hela ikatoka dola bilioni 2.6 ikaja kama milioni 700. Vyuma vilikaza mpaka vikalia.

Ofisi zenye waajiriwa zilitoa barua, likizo bila malipo, nyingine nusu mshahara. Ila wapishi, wapagazi na madereva wengi hata barua ya kusimamishwa hawakuipata kwasababu ya kuajiriwa hawakuwahi kuwa nayo, wao wanaitwa kwa tripu, na tripu ikikosekana hakuna anayekufukuza, simu tu haiiti. Kuna fao la kukosa ajira NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, zuri tu, lakini lazima uwe umechangia miezi 18, sasa mpishi wa tripu tipu za wageni anazichangiaje. Benki Kuu nayo Mei ile ilishusha riba yake kwa mabenki kutoka asilimia 7 mpaka 5 na mabenki yakaambiwa yawaangalie wenye mikopo wapangiwe upya. Sawa, hiyo ilimfaa bosi mwenye mkopo wa Land Cruiser. Mpishi alikuwa anadaiwa na mangi wa dukani na wenzake wa kikoba, na hao Benki Kuu haiwafikii.

Basi kila mtu akajiongeza anavyojua. Mliona wenyewe Land Cruiser za kufunguka paa zimejaa matikiti na trei za mayai, gaidi anayemwelezea mgeni chui kwa Kijerumani amepaki pembeni ya barabara anauza parachichi. Wapagazi wengi walirudi migombani Rombo na Machame, wengine wakaenda kulima Karatu na Babati.

Hawa wa Sakina walichofanya ni hivi. Kuna bosi alikuwa hajawalipa hela ya tripu za mwisho, wageni wanaotakiwa kuja wanadai depoziti zao zirudi, keshi hana kabisa, wakakaa naye chini wakakubaliana wachukue vyombo vya kambi vilivyolala stoo badala ya hela. Majiko ya gesi, masufuria, machupa ya chai, meza za kukunja na vile viti vya turubai. Ndo hivyo unavyokalia mpaka leo. Vizuri sana vya kuegemea, tatizo meza ni fupi, mtu mrefu unakula umeinama kama unasaini fomu. Mi binafsi hilo la vyombo naliona la maana kuliko mambo mengi tuliyokuwa tunayasikia kwenye redio kipindi kile, kwasababu bosi mwingine alizima simu na stoo yake imejaa.

Mshahara walikubaliana hakuna. Jioni hela ikihesabiwa inatoka kwanza mtaji wa kesho, inarushwa kwenye laini moja ambayo PIN yake anayo mtu mwingine asiyeshika simu (nilicheka sana hapa lakini nimewahi kuona biashara ngapi zimekufa kwa kukosa hicho kitu), halafu inatoka ya kodi, inayobaki wanagawana sawa kwa sawa. Siku mbaya gaidi anasema kila mtu aliondoka na buku tatu na kontena la ugali maharage la nyumbani. Wapishi wenzao walivyoanza kuja kuomba kazi hawakuwakataa wala hawakuongeza watu wote kwa pamoja, wakagawana zamu, siku tatu tatu kwa wiki. Kila mtu kipato kikapungua na kila mtu akala. Kuna wanaosema hiyo ni biashara ya huruma, sijui, mi nawaona bado wapo na wale waliopunguza stafu nusu pale jirani wakabaki na jiko zuri, leo pale ni duka la vifaa vya simu.

Kwa wateja nako walishuka mpaka chini. Wakaanza nusu sahani, ya buku, ambayo ipo mpaka leo na wanafunzi wanaipenda kufa. Wakaweka daftari la madeni lakini lenye mwisho, ikifika 10,000 huandikiwi tena mpaka upunguze, hata uwe nani. Kuna mama alikuwa analipa deni kwa mkungu wa ndizi na mnafu wa shambani kwake, ndo akaja kuwa muuzaji wao mkuu wa ndizi, saivi anakuja kila asubuhi na toyo imejaa.

Ndizi hizo ndo machalari ninayowaambia muile, 4,000, nyama laini, mchuzi mzito, haijachoshwa na viungo. Na hapa ndo jibu la wale wanaolalamika kwanini hakuna chipsi. Zilikuwepo. 2022 vita vya Ukraine vilivyoanza mafuta ya kula yakapanda mno, petroli nayo Mei ikavuka 3,000 kwa lita mpaka serikali ikatoa ruzuku ya bilioni 100 kuanzia Juni, sasa mwenye banda la chipsi ulikuwa unachagua, upandishe bei wateja wakimbie au upunguze viazi watu wakutukane. Wao waliondoa chipsi na sambusa kabisa, wakaongeza vitu vya kuchemsha, machalari, makande, mtori asubuhi, ndizi na maharage, bei ikabaki ile ile. Mafuta yaliposhuka chipsi hazikurudi kwasababu watu walishazoea. Mi nimepona kitambi, sina kinyongo.

Haya sasa mabaya.

Pilau yao msile. Sijui ni kwasababu kambini wageni hawataki viungo vingi, lakini ile ni wali wa rangi. Ijumaa mchana sevisi inakufa, mnakaa dakika arobaini mnaangaliana, oda zinachanganywa, na ukiuliza unaambiwa "inakuja dada" kwa tabasamu zuri kabisa na haiji. Wakati wa kulipa mtandao ukisumbua wanataka keshi na chenji hawana.

La pili ni zamu. Ule utaratibu uliowaokoa ndo unaoharibu ladha saivi, supu ya Jumanne sio supu ya Alhamisi, kuna mmoja mkono wake wa chumvi sio wa kawaida. Na la tatu ambalo wageni wa pale hawalijui, wageni walivyorudi (2023 walifika milioni 1.8, kuliko hata kabla ya korona) wapishi wazuri nao wakarudi tripu. Sio siri, tipu ya dola huwezi kuilinganisha na mgao wa Sakina. Kwahiyo Julai mpaka Oktoba yule mzee wa keki yuko Serengeti, pale wanabaki vijana wanaojifunza, na chakula kinashuka kweli. Masika yakianza wanarudi wote, jiko linajaa watu wanaojua kazi, na pale ndo mahali pazuri kuliko pote mjini. Nilimuuliza gaidi kwanini wasiajiri mpishi mmoja wa kudumu ikaisha, akasema "dada, hapa sisi ni kwa ajili ya Aprili". Nimemwelewa ila kama mteja wa Agosti naumia.

Na niwaseme kwa nia njema, miaka yote hii mikataba hakuna, NSSF hakuna, wanaendelea kugawana keshi jioni kama wako 2020. Sasa hivi mtu binafsi anaweza kujiandikisha na kuchangia mwenyewe, biashara inasimama, hela ipo, ngoma ile ikipigwa tena wataanza na buku tatu zile zile. Niliwaambia, wakaniongezea bisi.

Kwa ufupi wa kwenda: wanafungua saa 12 asubuhi kwa mtori na chapati, jikoni wanafunga saa 2 usiku, Jumapili hawapo. Mkiwa watu wengi pigeni simu jana yake, waambieni na keki kabisa. Gari acheni kule juu kwenye lami, ndani kuna tope na kugeuza ni mtihani. Parachichi wanaweka bure kwenye sahani ukiomba, usipoomba hawaleti.