Tulikodi Cessna kwenda kuangalia mpira Kaitaba

Kampuni ya ndege haikuniuliza jina wala ninalipa kwa njia gani. Swali la kwanza kwenye simu lilikuwa: "Mko wangapi, na kila mtu ana kilo ngapi?" Nikacheka. Upande wa pili kimya. Nikaelewa kwamba swali ni la kweli.

Tulikuwa watano, wote wa kijiwe kimoja cha kahawa Kirumba, Mwanza. Timu yetu ilikuwa inakwenda kucheza Bukoba, uwanja wa Kaitaba, Jumamosi saa 10 alasiri. Mwenzetu mmoja alikuwa ametoka kuuza kiwanja Buswelu, na mtu mwenye hela ya kiwanja mfukoni haongei habari za basi. Ndiye aliyesema: "Safari hii tunaruka."

Njia nyingine zipo, nisidanganye. Kuna basi la asubuhi kutoka Nyegezi, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, zile saa za kukaa foleni ya kivuko ukila mahindi ya kuchoma zimekwisha: kilomita 3 za daraja unazivuka hata hujamaliza kusoma ujumbe kwenye simu. Lakini bado ni Sengerema, Geita, Chato, Muleba, na mgongo unaijua kila kona. Kuna meli ya usiku, ambayo mimi naipenda kuliko vyote, ila siku zake hazikuoana na mechi. Ndege za ratiba nazo zilitaka twende siku moja kabla. Ndiyo tukafika kwenye kukodi.

Kabla hatujalipa, rafiki wa rafiki alituambia kuna jamaa ana kindege chake, tumchangie mafuta tu, bei nusu. Tulikaribia kukubali. Aliyetuokoa ni mdogo wangu anayefanya kazi za uwanja wa ndege, aliniuliza swali moja: "Kaka, ana leseni ya kubeba watu kwa malipo?" Leseni ya urubani binafsi haimruhusu mtu kubeba abiria kwa kulipwa. Kwa biashara kampuni inatakiwa iwe na cheti cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na rubani awe na leseni ya biashara. Jambo likitokea bila hivyo vitu, bima inakuangalia tu. Ombeni kuona cheti. Sisi tuliomba, wakatutumia kwa WhatsApp bila kununa, na hiyo peke yake ilinipa imani.

Bei tuliyopewa: milioni 4 na nusu kwenda na kurudi, Cessna 206 yenye injini moja na viti sita pamoja na cha rubani. Laki 9 kila kichwa. Najua, najua. Kwa hela hiyo unakwenda Bukoba kwa basi mpaka ukinai.

Sasa niwaambie habari ya mzani.

Saa 4 asubuhi tulifika uwanja wa ndege wa Mwanza, Ilemela, tumevaa jezi, Mzee wetu amebeba ngoma yake ya ushabiki. Rubani alikuwa ametangulia. Dada mdogo mdogo, miaka thelathini hivi, miwani ya jua, na mkononi ana mzani kama wa wale vijana wanaopima uzito stendi kwa shilingi mia mbili. Akauweka chini kwenye kivuli cha bawa.

"Shikamoo baba," akamwambia Mzee.

"Marahaba binti. Rubani yuko wapi?"

"Ni mimi, baba. Naomba upande hapa."

Mzee akatuangalia sisi, akaangalia ndege, akasema kilo zake alishazitaja kwenye simu. Kweli alizitaja: 95. Dada hakubishana. Akabaki ameinama pale, mkono ameuelekeza kwenye mzani, kama mtu anayemkaribisha mgeni kiti. Mzee akapanda. 118.

Hakuna aliyecheka wakati ule. Tulicheka tulipofika Bukoba.

Akatuonyesha hesabu yake kwenye karatasi, na mimi naiandika hapa kwa sababu ndiyo iliyobadilisha nilivyokuwa naiona safari nzima. Cessna 206 ya kisasa mwisho wake wa kuruka ni kilo 1,633, kila kitu kikiwa ndani. Ukiutoa uzito wa ndege yenyewe, hii yetu ilikuwa inabakiza kama kilo 615. Yeye hahesabu kupata petroli ya ndege Bukoba, kwa hiyo mafuta ya kwenda, ya kurudi na ya akiba yote yanatoka Mwanza: lita kama 145, karibu kilo 105. Yeye mwenyewe 58. Sisi watano 434. Zinabaki 18 za mizigo. Mabegi yetu matano yalikula 11, na ngoma ina 14.

"Mabegi au ngoma, chagueni."

Nilidhani Mzee atasusa safari. Lakini dada akamweleza kwa upole kwamba Mwanza uko juu, zaidi ya mita 1,100 toka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, jua likipanda inakuwa nyepesi zaidi, na bawa linataka hewa nzito. Njia ya kurukia ya hapa inazidi kilomita 3, mtu unaweza kuzembea na usijue. Ile ya Bukoba haifiki nusu yake, na kule ndiko tutakakorukia wakati wa kurudi. Mzee akanyamaza. Akampigia dereva wa Coaster ya mashabiki waliokuwa wametoka alfajiri. Walikuwa wameshafika mbali, hawawezi kurudi. Ngoma ikaachwa kwa walinzi wa geti, na kijana wa bodaboda akatumwa aje aichukue aipeleke Nyegezi kwenye basi. Elfu 15 nyingine.

Kukaa ndani nako kuna mpangilio. Wazito mbele, wepesi nyuma. Mzee akapewa kiti cha pembeni mwa rubani, na pale akasahau uchungu wote, ingawa kukifikia ilikuwa kazi: upande wa kulia mbele hauna mlango. Unaingilia mlango wa rubani, unavuka kiti chake, unajivuta. Dakika tano nzima. Mimi mwenye kilo 61 nikatupwa nyuma kabisa, karibu na mlango mkubwa wa mizigo, na kwa sababu hiyo nikapewa kazi. Zile flapu, vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kupaa na kutua, zikiwa chini zinauzuia huo mlango usifunguke sawasawa. Kwa dharura inabidi ujue mshikio upi unaanza na upi unafuata. Alinifanya niufungue na kuufunga mara tatu, yeye kasimama nje anaangalia. Mara ya tatu akasema, "Sasa fumba macho ufungue." Nikafungua.

Halafu majaketi okozi. Tulivaa hapohapo chini, mfuko mdogo kiunoni. Onyo lilikuwa moja: usilijaze upepo ukiwa ndani, maana maji yakiingia litakubana kwenye paa na mlango utauona kwa mbali tu. Mwenye hela ya kiwanja aliacha kupiga picha.

Ndege yenyewe, sasa. Kelele nyingi, hedifoni zilikuwa nne kwa watu sita, na kampuni nailaumu kabisa kwa hilo, kwa bei ile hata moja isikosekane. Hakuna choo. Kiti cha nyuma magoti yako yako kidevuni. Ila ikiondoka pale Ilemela, ikakunja, Mwanza yote ikajilaza chini yako, mawe juu ya mawe, nyumba za mlimani kama zimebandikwa kwa mkono, kisiwa cha Saanane kama kofia iliyoelea, nilisahau magoti.

Nilitegemea angekata moja kwa moja ziwani, maana kwa ramani ni kilomita kama 175 tu. Hakufanya hivyo. Alifuata visiwa na pwani, Kome, kisha akaegemea upande wa nchi kavu, na dakika 40 zikawa 55. Alieleza kwenye hedifoni: injini ni moja, ikizima ndege hii inateleza kama kilomita 8 au 9 kwa kila kilomita ya kimo, basi yeye anatembea pale ambapo kuteleza kutamfikisha kwenye udongo. Karibu na Muleba tuliona kwa mbali moshi mweusi umesimama juu ya maji, nguzo mbili tatu. Nikasema kuna meli inaungua. Walikuwa ni wale wadudu wa ziwani wanaotoka kwa mabilioni. Akawazunguka, kwa sababu wakigonga kioo hauoni kitu.

Tulipoanza kushuka Bukoba hedifoni zilinyamaza. Njia ya ndege pale imepakana na ziwa, na kila mtu kichwani alikuwa na tarehe 6 Novemba 2022: ndege ya abiria ilivyotumbukia majini kabla tu ya kufika, watu 43 ndani, 19 wakafa, na wavuvi wa mitumbwi ndio walikuwa wa kwanza kufika kuwatoa. Mzee alishika rozari. Matairi yaligusa chini laini, kama mtu anayeweka kikombe mezani.

Mpira sitaueleza. Kaitaba ni uwanja mzuri, nyasi bandia, uko hatua chache kutoka ziwani na bodaboda kutoka uwanja wa ndege haikuchukua hata dakika kumi. Tulikula ndizi na nyama, tukanunua senene waliokaangwa, ngoma ikafika na basi kipindi cha pili kimeshaanza, matokeo yanajulikana na bado yananiuma.

Shida ilikuwa saa. Huyu dada tangu siku ya kulipa alishatuambia: anaruka kwa kuangalia nje kwa macho, mchana tu, na jua upande wetu linazama karibu na saa 1 usiku. Kutua Mwanza kabla ya giza maana yake magurudumu yawe yameacha ardhi ya Bukoba saa 12 kamili. Mechi ya saa 10 inaisha saa 12 kasoro dakika kumi ukiweka za majeruhi. "Mechi ya saa 8 mtaimaliza. Hii mtaiacha dakika ya 80." Tulikubali wote, kwa kichwa na kwa mdomo.

Dakika ya 80 nani aliinuka? Hakuna hata mmoja. Dakika ya 85 nilisimama, nikavutwa shati nikakaa. Tulifika uwanja wa ndege saa 12 na dakika 20, mbio, jasho, Mzee kwenye bajaji na ngoma mapajani. Bado mwanga ulikuwepo! Jua lilikuwa linaonekana kabisa. Na ndege ilikuwa imefungwa kamba mabawa yote mawili na mkia, kifuniko kimevishwa, yeye amekaa kwenye kiti cha plastiki anakunywa chai.

Mwenye hela ya kiwanja akaanza kupandisha. Nimelipa milioni ngapi, jua hilo hapo, dakika 55 tu. Akamaliza. Dada akasema, "Poleni na mpira. Kesho saa 2, hali ya hewa ikiruhusu." Akarudia chai yake.

Nilikasirika usiku ule, nalala kwenye gesti na jezi yangu moja. Asubuhi hasira iliisha yenyewe. Saa 2 ziwa lilikuwa limevaa wingu jeusi kutoka upande mmoja hadi mwingine, na umeme ndani yake. Mvua za radi za Victoria hupenda usiku na alfajiri, upepo wa nchi kavu unashuka kutoka pande zote unakutana katikati ya maji. Tulisubiri hadi saa 4 na nusu. Mtu mmoja akauliza kama hatuwezi kupita kwa chini. Hakujibiwa, na hakurudia.

Kabla ya kupanda akapima tena, safari hii hadi senene. Mafuta karibu kilo 40 yalishachomwa kuja, kwa hiyo ngoma ikapata nafasi. Mzee alimsaidia mwenyewe kuweka mzani chini.

Kampuni nailaumu kwa bili. Malipo ya ndege kusubiri kutwa, laki 3, hayakutajwa popote kwenye simu, yakatokea mwisho. Gharama ya kulala, laki 4 na nusu, hiyo ilikuwa kosa letu na niliilipa bila neno, ila hata hiyo ingeandikwa mapema. Mkikodi, dai bei yote kwa maandishi: kusubiri, kulala, ada za viwanja, na nini kinatokea hali ya hewa ikikataa.

Rubani nampa alama zote. Nikirudia, na nitarudia, itakuwa mechi ya saa 8 mchana, watu wanne badala ya watano, na Mzee ataje kilo zake za kweli.

Tulitua Mwanza saa 5 na nusu Jumapili. Simu iliposhika mtandao ikaita: wale wa Coaster. Walifika usiku wa manane, wakalala, wakaamka, na sasa wako Mwaloni wananunua sato, wanauliza kama sisi wa ndege tumeshafika au watuwekee.